Jawabu Lililoungua

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa na kanuni moja aliyoipenda kuliko chakula: lolote ulitendalo upande mmoja wa mlinganyo, litende na upande wa pili, na pande zitabaki sawa. Ukiongeza huku, ongeza na kule. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu na nilijiona mwanachuoni, basi nikaikariri nyumbani hadi shangazi akaomba nimhurumie masikio.

Alasiri moja akanipa pea yake mpya ya leso za kujitanda niipige pasi. Keshoye kulikuwa na arusi mtaani. Pea ile aliizungukia maduka yote kwa ajili ya jina lililoandikwa kwenye leso zote mbili: JIRANI HUNIWEZI. Jirani mwenyewe alikaa ng'ambo ya kichochoro, na sharti alisome.

Nikaweka pasi ya makaa juu ya leso ya kwanza, nikaanza kutafuta x kichwani. Nilipoipata, HUNIWEZI yote ilikuwa imeungua.

Mwenye akili angelia. Mimi nilikumbuka kanuni. Nikatandika leso ya pili, nikapima kwa shubiri, nikaiunguza palepale.

"Shangazi, zi sawa," nikamwambia.

Alizitazama. "Hii imeungua kwa bahati mbaya. Na hii?"

"Kwa hesabu."

"Ewe mwana wee! Ungeniachia moja nzima ningejitanda, watu wakasoma! Sasa watasoma nini?"

Hakuwa na pea nyingine mpya, akaenda nazo hivyo hivyo. Alirudi akicheka hata kuvua viatu hawezi. Jirani alikuwa amemwandama arusi nzima: "Jirani nini? Nambia, jirani nini?" Naye akamjibu, "Jaza mwenyewe." Hadi biriani inaletwa, yule bibi alikuwa amejaza mbeya, mchoyo, na mengine ambayo shangazi alininong'oneza nami siyaandiki. Kila neno lilienea pale palipoungua.

Wiki ile ile mwalimu akauliza kwa nini haifai kuzidisha pande zote mbili kwa sufuri. Mkono ulioinuka ulikuwa wangu peke yake.

"Pande zitabaki sawa, mwalimu, lakini x itakuwa imeungua. Kila mtu atatia neno lake, na kila neno litakubali."

Akaweka chaki chini. "Vyema sana. Na huku kuungua umekutoa wapi?"

Nimesoma hadi chuo kikuu, na sijapata kunyamaza kwa busara kama siku ile. Jirani yetu alikuwa mkewe.