Kilio cha Kwenye Laga

Nakumbuka adhuhuri moja kule Kakuma, mwaka 2012, upepo ulipokoma ghafla na hata mbuzi wakanyamaza. Mwanangu, mimi mama yako nakusimulia haya kwa sababu mkeo amekaribia kujifungua, na wewe naona unahangaikia nepi na kitanda tu.

Niliacha shule mapema, nikawa mtu asiyekaa mahali. Nilinunua samaki wakavu Kataboi, nikawauza Lodwar na Kakuma, na kila nilikofika niliuliza maswali. Kakuma nililala kwa rafiki yangu Nakiru, aliyekuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza. Mumewe, Ekai, alichinja mbuzi wa uzazi kama ilivyo desturi yetu, kisha akapeleka mifugo upande wa Lokitaung. Supu ilipokuwepo, wanawake walijaa. Walimpakata mtoto, wakamsifu pua, wakanywa. Supu ilipokwisha, nao wakaisha.

Nakiru akaacha kulala. Akaniambia anamsikia mtoto wake akilia kwenye laga, ule mto mkavu nyuma ya nyumba, ilhali mtoto amelala mapajani mwake.

“Analiaje?” nikamuuliza.

“Kama mtu aliyefunikwa na mchanga.”

Sikuishia hapo. Kila siku nilimuuliza amesikia nini leo, kama mtu anayefuatilia hadithi ya redio. Naye alizidi kunieleza, na macho yake yakazidi kwenda mbali.

Adhuhuri ile nilitoka sokoni nikakuta mlango wazi, nyayo zake zikielekea laga. Nilimwita jirani, Mama Nyibol, mkimbizi wa Sudan Kusini aliyeuza chai karibu na hapo, tukazifuata. Tulimkuta amesimama ukingoni mwa shimo la maji, yale mashimo marefu tunayochimba mchangani wakati wa kiangazi. Mtoto alikuwa kifuani mwake. Mchanga ulikuwa ukimomonyoka chini ya visigino.

“Huyu si wangu,” alisema bila kugeuka. “Wangu yuko chini. Nataka kuwabadilisha.”

Nilifungua mdomo nimkatalie. Mama Nyibol alinipita, akaketi mchangani kama mtu aliyekuja kupiga soga.

“Ejok, ni sawa, Nakiru. Sikiliza vizuri basi. Lakini huyo nipe mimi nishike. Utasikia aje na mikono imejaa?”

Nakiru akafikiri. Kisha akampa mtoto, polepole.

Hapo, mwanangu, nami nikasikia kilio. Chembamba, kikitoka shimoni. Mtoto mikononi mwa Mama Nyibol alikuwa amelala, mdomo umefungwa. Mpaka leo sijui kilikuwa nini. Nilisogea nichungulie.

“Wewe mwenye maswali,” Mama Nyibol akasema kwa sauti ya chini, “shimo haikimbii. Huyu ndiyo anakimbia. Shika yeye mkono.”

Nikamshika. Mkono ulikuwa baridi katika jua lile. Tulipomvuta nyuma, mahali alipokuwa amesimama pakaporomoka bila kishindo, na kilio kikakatika.

Siku hiyo hiyo tulimpeleka hospitali. Muuguzi hakutucheka. Alisema ni ugonjwa unaowapata baadhi ya wanawake baada ya kujifungua, na unatibika. Ekai akaitwa, akarudi, akajifunza kumwogesha mtoto huku wenzake wakimtania kwamba sasa ataota matiti.

“Yangeota kweli, mama yake angelala zaidi,” akawajibu, akaendelea kusugua.

Mama Nyibol alilala kwao majuma mengi. Mwaka uliofuata nilimkuta Nakiru Lodwar, mtoto akikimbiza kuku, naye akanicheka nilivyokonda.

Mwanangu, mtoto wenu atakapokuja, wageni watamtazama yeye. Wewe mtazame mama yake. Muulize kama amelala, kama amekula, anaogopa nini. Akikuambia anasikia jambo usilolisikia wewe, usibishane naye, wala usimchokonoe ili upate hadithi. Usimwache peke yake na mtoto hata kidogo. Mpokee mtoto, mshike mkono, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Na ukilisikia nawe, mshike zaidi.

Mungu awape uzazi mwepesi, awape usingizi, na nyumbani kwenu pasisikike kilio kingine ila cha mtoto wenu.