Riba ya Mtani

Mama alinipigia simu huku anacheka. "Njoo uone vituko vya mtani wako," alisema. "Kaleta trekta shambani kwangu. Eti leo analichukua shamba."

Nyuma ya sauti yake nilisikia injini inanguruma. Nilikuwa Korogwe, nimetandaza mitumba yangu kwenye turubai, na mteja mmoja alikuwa kashika gauni ananiomba nipunguze. Nikamwambia alipe anachotaka aende zake. Mtu hakodi trekta kwa ajili ya mzaha, jamani, na mafuta yalivyopanda bei!

Nikapanda basi la Handeni. Njia nzima nampigia Mama, hapokei. Niliposhuka nikachukua bodaboda mpaka Kwaluguru, namgombeza kijana wa watu kwamba anaendesha kama anabeba mayai.

Niseme kwanza huyo mtani ni nani. Sisi ni Wazigua, na Wanyamwezi ni watani zetu. Babu yake mzee huyu alikuja kukata mkonge akabaki huku huku, na mjukuu sasa ananunua mahindi vijijini anauza Korogwe. Kwa mtani hakuna kununa. Anaweza kuingia jikoni kwako akaondoka na sufuria ya wali, ukamkimbiza na mwiko, na watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Msibani ndiyo usiseme, atajilaza njiani asipishe jeneza mpaka apewe chake. Ukimkasirikia, wewe ndiye huna adabu.

Basi upepo ulipoezua paa la Mama, mtani ndiye aliyemkopesha laki sita za mabati. Riba elfu sitini kila mwezi. Dhamana ni shamba, ekari zote tatu, na miaka miwili ikipita deni halijaisha, shamba linakwenda. Walikubaliana hivyo mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Mama ni mjane na hana kingine. Anakula humo, anavaa humo.

Na Mama alilipa. Hakuruka mwezi. Mtani akija kununua mahindi anampa elfu sitini mkononi, mwezi mbaya hamsini. Naye kila akipokea anapaza sauti majirani wasikie: "Usipolimaliza deni hili, mtani, shamba nalichukua!" Mama anamjibu: "Chukua, na mimi unioe kabisa, uone kazi ya kulisha mwanamke wa Kizigua!" Wanacheka hao, wanaagana. Nikimuuliza Mama deni limefika wapi, ananiambia linakwisha.

Nilipofika, trekta lilikuwa limesimama pembeni mwa shamba, halijazimwa. Dereva yuko juu yake anachezea simu. Mtani kakaa kwenye pikipiki yake, na Mama, Mungu wangu, alikuwa kamletea chai na viazi vitamu! Shikamoo yenyewe niliitema. Mzee akaitikia, kikombe hakukigusa.

"Mwambie azime hilo dude lake," Mama alisema, bado anatabasamu. "Umetuchekesha vya kutosha, mtani. Kunywa chai."

"Leo si utani, mama," alisema.

Hakusema mtani. Alisema mama. Nilimwona Mama akishika upande wa khanga yake.

Nikamuuliza imebaki kiasi gani. Swali jepesi hilo, lakini kwetu ukimuuliza hivyo mtu aliyekusaidia ni kama umemwita mwizi, ndiyo maana Mama hakuwahi kuliuliza. Mzee akajibu bila kupepesa. "Laki sita na themanini."

"Laki sita na nini?" nilipiga kelele mpaka dereva akainua kichwa. "Si ndizo alizokopa? Kalipa miaka miwili huyu!"

"Kalipa riba," alisema. "Riba ni sitini, analeta sitini. Deni lenyewe hajaligusa. Miezi aliyoleta hamsini, ile kumi iliyopungua imepanda juu ya deni."

Nilipiga hesabu pale pale nimesimama. Milioni moja na laki tatu na ushee zilikuwa zimetoka kwenye mahindi ya Mama, kwenye kuku wake, kwenye miguu yake iliyovimba. Na deni limenenepa! Nikamshukia. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mtu mzima, nikamwita mnyonyaji, nikamwambia hata fisi huwa anashiba. Sijutii hata moja.

Mama akamuuliza mzee polepole, "Kwa nini hukuniambia?"

"Nimekwambia kila mwezi."

"Ulikuwa unacheka."

"Na wewe ulikuwa unacheka," alisema. Nadhani hata yeye ilimuuma, maana aligeuka akamwashiria dereva azime.

Injini ilipozima nikasikia jinsi Mama alivyokuwa anahema. Nikadhani ataanguka. Nikamshika mkono nikaanza kupanga mambo harakaharaka, kwamba nitasaidia, kwamba kuanzia mwezi huu tutalipa elfu sabini, mzee atuongezee muda. Nilijiona nimepata dawa.

"Nikileta sabini," Mama alimuuliza mtani, "deni linapungua ngapi?"

"Kumi."

Mama hakusoma sana, lakini mahindi kayauza maisha yake yote. Alitazama shamba lake, midomo inacheza kidogo. "Hiyo miaka mitano na zaidi," alisema. "Nitakufa nalo." Kisha akamgeukia. "Kata ekari moja. Deni life leo."

"Mama, hapana!" Nilikuwa nalia sasa, sijali nani ananiona. Ekari moja ya pale ina thamani kubwa kuliko deni lile. Nikasema nitauza mzigo wangu wote wa mitumba, nitakopa kwenye kikundi chetu. Aliposikia neno kukopa alinitazama kwa jicho ambalo sikuwahi kuliona tangu nizaliwe, nikanyamaza.

Mzee alilitazama shamba lote. Kwa makubaliano yalivyokuwa, angeweza kuchukua zote tatu. Mwisho akasema, "Haya," akampigia simu mwenyekiti wa kitongoji aje ashuhudie.

Mwenyekiti alikuja na kamba. Wakapima, wakapigilia vigingi, mzee akasema mbele yake kwamba hamdai Mama senti. Mama akamtaka alirudie kwa sauti, na akalirudia. Akapanda pikipiki. Kwa mazoea aligeuka kidogo kama mtu mwenye neno la mzaha mdomoni, akaona Mama hamtazami, akaondoka.

Nilidhani sasa tutaingia ndani nimkandie miguu. Mama akaenda kuchukua jembe. Akaanza kuchimba mfereji kufuata kamba, kigingi hadi kigingi, kwenye ardhi ngumu ambayo mvua haijaigusa, miguu ile ile imevimba. Nikamfuata nikataka kumpokea jembe.

"Niachie," alisema.

"Mama, mpaka si unaonekana? Vigingi hivyo hapo."

"Miaka miwili nalipa kitu nisichokiona," alisema, akainua jembe. "Hiki nataka nikione kinapoishia."

Nikakaa chini kwenye udongo nikamwangalia akichimba.