Shikamoo Mbele ya Tanuri

Dokta Tumwagile alitufundisha ufinyanzi chuo kikuu, na kwa miaka yote mitatu sikumsikia akisifia chungu cha mtu. Alizunguka darasani na mwiko wa kusongea ugali. Akifika mezani kwako anakigeuzageuza chungu chako, anaguna, kisha paa! Vipande vinarudi kwenye ndoo ya udongo, vilowekwe upya.

"Bora nikivunje mimi kuliko mama mkwe wako," husema.

Kwao ni Kilosa mjini, kwenye nyumba za reli, ambako babu yake alikuja kutafuta kazi na hakurudi tena kwao. Akienda likizo majirani humfuata na homa zao na viuno vyao, maana wamesikia ni dokta. Yeye huwajibu kwamba wagonjwa wake ni vyungu, na wengi humfia mikononi.

Mimi aliniandama kwa namna ya pekee. Kazi yangu ya mtihani wa mwisho ilikuwa chombo kirefu chenye masikio matatu, nikakipa jina la Safari. Yeye alikiita mavi ya tembo.

"Goodhope," alisema, "tumaini jema liko kwenye jina tu."

Akainua mwiko, akakumbuka kuwa mtihani ni wiki ijayo, akaushusha huku akisonya. "Matokeo yakitoka, nakivunja."

Tanuri la chuo lilikuwa bovu, kwa hiyo alitubeba sisi tisa na vyombo vyetu hadi Mikumi, kwenye kiwanja cha kaka yake Amon. Tukajenga tanuri la matofali, tukachoma kwa mabaki ya mbao kutwa nzima, jioni tukaziba mlango kwa udongo. Shahada zetu zote zilikuwa mle ndani. Chombo ambacho hakijapoa kikipigwa na upepo wa ghafla hupasuka, na hatukuwa na muda wa kufinyanga vingine. Ilibidi tusubiri tanuri lipoe, hadi alasiri ya kesho yake.

Asubuhi akatokea Ashrafu, mwenyekiti wa kamati ya mazingira ya pale mtaani, sururu begani. Jana aliona moshi, akauliza, akaambiwa kuna wageni wana tanuri. Kule ukisema tanuri watu wanasikia mkaa, na mkaa bila kibali ni kesi. Alikuja kubomoa, na nyuma yake walifuata wambea wote wasiokuwa na kazi siku hiyo.

Dokta alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya mlango wa tanuri, anachambua mchicha.

"Shikamoo mama," alisema Ashrafu.

Dokta akachambua mchicha.

"Shikamoo mama!"

Dokta akachukua fungu jingine. Sijapata kuona mchicha ukichambuliwa kwa heshima namna ile.

Ashrafu akabaki amesimama. Kijana aliyelelewa hawezi kumruka mama wa watu ambaye hajaipokea shikamoo yake, akaanza kumbomolea. Tena mbele ya wambea! Mama yake mzazi angezipata habari kabla sururu haijatua mara ya pili. Akaamkia tena, akaamkia tena, akanigeukia mimi.

"Kaka, huyu mama hasikii?"

"Anasikia," nilisema. "Bado anafikiria."

Akaenda kuswali adhuhuri, akarudi, akaanza upya na shikamoo yake. Wapi! Amon akamwonea haya, akamletea kiti. Akaketi na sururu mapajani, mnyonge kabisa. Nilimhurumia. Mimi nilikuwa na miaka mitatu nasubiri neno jema kutoka kinywa kile kile.

Alasiri Dokta akanyanyuka, akaweka kiganja kwenye matofali, akakiacha hapo kwa muda. Kisha akageuka.

"Marahaba, baba. Hujambo? Lete hiyo sururu tufungue."

Ashrafu alifungua mlango mwenyewe, tofali moja moja, kwa adabu zote. Hapakuwa na mkaa. Palikuwa na vyombo tisa, vyote vizima. Wambea walisikitika waziwazi. Ashrafu akakitoa changu, akakipindua juu chini akitafuta mdomo.

"Na hili dude ni nini, mama?"

Dokta alinitazama. Jibu lake nilikuwa nalijua, nikainamisha kichwa.

"Hiyo ni Safari," alisema. "Ishike vizuri, isianguke."

Nikajifanya nakwenda kuzoa majivu.

Matokeo yalipotoka nilipita ofisini kwake kumuaga. Chombo changu kilikuwa sakafuni, kimezuia mlango usijifunge.

"Shikamoo Dokta."

"Marahaba," alijibu papo hapo.

"Si ulisema utakivunja?"

"Nilikipiga," alisema bila kuinua macho. "Mwiko ndio ulivunjika."