Mahali Yake Ilikuja kwa Miguu

Mimi ndiye niliyetegua lile fumbo, ingawa jina langu halijaandikwa popote. Nimemwambia hivyo Mama Nkwabi mara nyingi, naye hucheka tu na kuendelea kuzungusha rimu ya baiskeli. Basi nitasimulia mwenyewe, na kwa kuwa mimi si mchoyo, nitampa yeye sehemu kubwa ya sifa. Anastahili.

Jina lake ni Apolonia, lakini hapa Tinde ukiuliza Apolonia utazungushwa mpaka uchoke. Uliza Mama Nkwabi, fundi baiskeli. Kibanda chake kimepakana na mgahawa wangu wa chai, pale barabara ya Shinyanga inapokutana na ile ya malori yanayokwenda Kahama. Fundi alikuwa marehemu mumewe, Mabula. Yeye alikuwa akimshikia spana na kumletea chakula, na kumbe muda wote alikuwa anajifunza. Mabula alipofariki, miaka sita iliyopita, ndugu wa mume walikuja kuuza vifaa. Mama Nkwabi akawapikia wali na kuku, wakala wakashiba, kisha akawaambia kibanda kitafunguliwa Jumatatu. Na Jumatatu kikafunguliwa.

Miezi miwili ya mwanzo wanaume walipita mbele yetu wakisukuma baiskeli zenye pancha hadi kwa fundi wa kule stendi, jua likiwachoma, ili mradi wasitengenezewe na mwanamke. Nilikuwa nawaita kwa majina na kuwauliza kama wanafanya mazoezi. Mpaka siku padri alipokatikiwa na mnyororo hapahapa. Padri hakuwa na nafasi ya kuona aibu, misa ilikuwa inamngoja. Mama Nkwabi akauunga mnyororo kwa dakika saba, na Jumapili iliyofuata nusu ya kigango ikaleta baiskeli zake.

Simu kubwa alinunuliwa na mwanawe Nkwabi, ambaye ni mwalimu huko Sumbawanga. Humo akamwekea mchezo unaoitwa Kufuli, ili mama asiwe mpweke. Mchezo wenyewe ni huu. Wachezaji wanajiunga kundi la watu sita, popote walipo nchini. Kila Jumatatu linatolewa fumbo. Wiki nzima wanajadiliana kwenye simu, kisha kabla ya Jumamosi saa sita mchana kila mmoja anaandika jibu lilelile. Jaribio ni moja tu. Mmoja akiandika tofauti, au wote wakikosea, kufuli halifunguki na kundi linatolewa. Msimu una wiki kumi na mbili.

Kundi lake liliitwa Mafundi Sita, na hakuna aliyewahi kumwona mwenzake. Kiongozi alikuwa Cornel wa Dar es Salaam, mtu wa ofisi yenye kiyoyozi. Alikuwepo Loveness, muuguzi wa Mbeya. Walikuwepo mtu na mkewe wa Iringa, ambao ugomvi wao wa nyumbani waliumalizia humohumo kundini. Na alikuwepo Deusdedit, mchimba dhahabu wa kule Katoro, Geita, ambaye aliandika Kiswahili kilichonyooka utadhani anasoma taarifa ya habari. Sauti yake hakuna aliyewahi kuisikia.

Ya Mama Nkwabi waliisikia mara moja. Wiki ya kwanza alirekodi ujumbe: "Habali zenu. Naomba mniludie swali." Sisi Wasukuma ndivyo tulivyo, ulimi wetu na herufi r havijawahi kuelewana, tunaweka l na maisha yanaendelea. Cornel akajibu kwa sauti akimwigiza: "Habali za balabalani, mama?" Akaongeza na vikatuni vinavyotoa machozi ya kicheko. Wengine nao wakacheka. Mama Nkwabi aliizima simu, akashika pampu, akajaza tairi la mteja mpaka nikadhani litapasuka.

Tangu siku hiyo hakutuma sauti tena. Aliandika tu, na kila neno alilolitilia shaka alinijia mgahawani kuniuliza, hili ni l au r? Mimi nami Msukuma wa Kolandoto, niliishia darasa la saba. Tulikuwa tunakisia wote wawili na kuomba Mungu.

Utaniuliza kwa nini hakuliacha hilo kundi. Nami nilimuuliza hivyohivyo, tena kwa ukali. Akaniambia, "Mama Vumilia, tangu Mabula aondoke, watu wananiuliza bei. Wale wananiuliza nafikili nini." Na kweli, wiki ya tano na ya nane ni yeye aliyewaokoa. Huyu mama akikaa na fumbo ni sawa na akikaa na tyubu: anaizamisha majini sehemu kwa sehemu mpaka aone povu linatokea wapi. Wiki ya kumi na mbili ilipofika, makundi yaliyobaki yalikuwa manne tu nchi nzima, na Mafundi Sita wakiwemo.

Fumbo la mwisho liliingia Jumatatu. Juu yake paliandikwa kwamba limetolewa na bibi mmoja wa Kanda ya Ziwa, na limeandikwa kama lilivyotamkwa. Nililikariri kwa jinsi lilivyosomwa hapa kibandani wiki ile:

Binti yetu katoka nyumbani.
Mahali yake ilikuja kwa miguu,
ilikunywa maji kabla haijapokelewa,
wanawake wakaipigia vigelegele.
Taja mahali yake.

Chini yake palikuwa na visanduku sita, herufi sita.

Jumanne yote walizunguka kwenye ramani. Mwanza ina herufi sita. Tabora ina herufi sita. Jumatano Cornel akaja na jibu, na lazima nikiri lilikuwa zuri. Kahama! Binti katoka nyumbani, maana yake kahama. Herufi sita. Kuhusu kunywa maji, akasema bomba la maji ya ziwa lilifika Kahama, watu wakashangilia. Kundi zima likampigia makofi. Hata mimi nilisema amemaliza, nikamwambia Mama Nkwabi aandike Kahama tukanywe chai.

Yeye hakuandika. "Kahama haijawahi kutembea kwa miguu," alisema. "Hapa pana upepo unatoka, ila sijaona wapi."

Alhamisi Cornel akamkumbusha. Ijumaa akamkumbusha tena, safari hii bila "mama". Jioni ile akaandika mbele ya wote kwamba kama kufika Jumamosi saa tano Apolonia hajaandika Kahama, atamwondoa kundini na kumwingiza rafiki yake, mwalimu wa Kiswahili, "anayejua lugha". Sheria za mchezo zilimruhusu. Mama Nkwabi alinipa simu nisome, akaenda kunawa mikono ingawa haikuwa michafu. Nilimchukia yule Cornel, nasema waziwazi. Wiki kumi na mbili za mama wa watu, zifutwe kwa kidole kimoja.

Jumamosi saa tatu asubuhi alikuwa amekaa kwenye kigoda, gurudumu la nyuma liko mapajani, hasemi. Nami siwezi kukaa na mtu asiyesema. Nikaanza kumpigia umbea wa mjini, wa harusi ya Ritha, binti wa mzee Maduhu.

"Umesikia kelele za jana? Mahali ya Litha imefika! Ng'ombe wamejaa balabalani, maloli yote yamesimama, madeleva wanapiga honi, ng'ombe hawana habali."

Spana ikamdondoka.

"Umesemaje?"

"Maloli yamesimama."

"Hapana. Mwanzo. Nini imefika?"

"Mahali. Mahali ya Litha."

"Sema tena."

Nikadhani ananicheka matamshi, yeye wa kunicheka! Nikamwambia kwa hasira, "Mahali! Mahali ya binti! Wewe yako ilikuwa ng'ombe wangapi, umesahau?"

Akasimama, gurudumu likaanguka likabiringika hadi kwenye meza ya wateja wangu. Akanishika mabega kwa mikono yake yenye grisi, blauzi yangu ina alama hadi leo. "Mahari," alisema, akiisukuma ile r kwa shida kama anayetoa mwiba. "Mama Vumilia, si mahali pa kukaa. Ni mahari. Bibi ni Msukuma. Imekuja kwa miguu, imenyweshwa maji, wanawake wamepiga vigelegele. Ni ng'ombe!"

Tukahesabu kwa vidole. N, g, o, m, b, e. Ile alama ya juu mchezo hauihesabu. Sita.

Akaandika kundini haraka, makosa chungu nzima. Cornel akajibu baada ya dakika moja. Mahari inaandikwa kwa r, alisema, na kwenye fumbo pameandikwa mahali. Hao waliotunga mchezo ni wasomi, hawawezi kukosea herufi. Bibi wa watu amekosea sarufi kidogo, akasema "mahali yake" badala ya "mahali pake", basi. Mtu na mkewe wa Iringa wakasema wanamuunga mkono kiongozi, mara ya kwanza kukubaliana jambo. Loveness akaandika kwamba haelewi, mahari ingekunywaje maji?

Ilikuwa saa nne na nusu. Mama Nkwabi akaandika tena, akafuta. Akaandika, akafuta.

"Kwa maandishi hawatasikia," alisema. "Hili ni la masikioni."

Nikaelewa anachotaka kufanya, nikawaashiria wateja wangu wapunguze sauti. Akabonyeza kile kidude cha sauti, akakisogeza mdomoni.

"Habali zenu," alisema, na hakuharakisha. "Mimi ni Apolonia, Msukuma wa Tinde. Nawasomea fumbo kama mama mkwe wangu angelisoma." Akalisoma lote, kwa sauti ya bibi, na mle mgahawani wazee wawili waliokuwa wanakunywa chai wakaanza kuitikia kwa vichwa. Kisha akaendelea: "Bibi hajakosea salufi. Angetaka pahali pa kwenda, angesema mahali pake. Hiyo pa hata sisi wa polini tunayo. Yeye kasema yake. Imekuja, imekunywa, imepokelewa. Anataja mali ya binti. Ulimi wetu hauna ile helufi yenu, na aliyeandika kaandika alichosikia. Mimi Kahama siandiki. Kama ni kunitoa, nitoe, Colnel."

Alipomaliza, wazee wangu wakapiga makofi. Saa ikafika tano kasoro kumi. Nikaanza kumwandalia maneno ya kumfariji.

Mara simu ikalia, ujumbe wa sauti. Ni Deusdedit. Nyuma yake kulikuwa na kelele za karasha zinazosaga mawe, ikabidi tuwekeane simu sikioni kwa zamu.

"Shikamoo mayu," alisema. Mayu, yaani mama, Kisukuma cha ndani kabisa. "Mimi ni mtu wa Balyadi. Nimeficha kwa sababu mlimcheka huyu mama wiki ya kwanza, nikaogopa. Wiki kumi na mbili naandika tu. Anachosema ni kweli tupu. Kwetu mahali ni ng'ombe. Mimi naandika ng'ombe, na atakayemtoa mama anitoe na mimi, niludi zangu kwenye duala."

Duala ni duara, shimo lao la kuchimbia dhahabu. Mtu wa Bariadi! Mama Nkwabi alifunika uso kwa kanga, mabega yakitikisika, na sikujua kama analia au anacheka. Nadhani alikuwa anafanya yote mawili.

Loveness akarejea: "Nimesikiliza mara tatu. Kwa masikio inaingia kabisa. Ng'ombe." Kisha mke wa Iringa akasema ng'ombe. Mume wake akapinga kidogo kwa mazoea, naye akasema ng'ombe. Akabaki Cornel. Saa tano ikafika na hakumwondoa mtu. Saa tano na nusu. Saa sita kasoro kumi akaandika: "Tukikosa, lawama ni zenu." Kisha neno likatokea mbele ya jina lake, ng'ombe, herufi sita.

Saa sita kamili kioo cha simu kikawa cheusi. Wateja wangu walikuwa wameacha chapati zao. Halafu kufuli la dhahabu likatokea, likazunguka, likafunguka, na chini yake maandishi: MAFUNDI SITA, MABINGWA. Makundi mengine matatu yote yaliandika Kahama.

Sikumbuki nilichopiga, lakini wanasema vigelegele vyangu vilisikika hadi stendi. Mzee mmoja alicheza na kigoda kichwani. Mama Nkwabi alisimama katikati ya kibanda akirudia, "Limefunguka, limefunguka," na dereva wa lori aliyekuwa anaongeza upepo akauliza ni nani aliyejifungua.

Mchezo una desturi yake. Kundi lililoshinda linamchagua mtu mmoja arekodi salamu, na salamu hizo zinasikilizwa na wachezaji wote, maelfu, nchi nzima. Miaka yote, aliniambia, hurekodi kiongozi. Tukangoja Cornel ajiweke. Alikaa muda mrefu anaandika, anaacha, anaandika. Mwishowe ukaingia ujumbe wake, tena si maandishi, ni sauti.

"Shikamoo mama," alisema. Tangu wiki ya kwanza alikuwa hajawahi kumwamkia. "Nilikukosea. Naomba uongee wewe, kwa niaba yetu."

"Malahaba, mwanangu," alijibu Mama Nkwabi, na sikuona ukali usoni mwake. Mimi ningeuweka kidogo.

Akajifuta grisi, akafunga kilemba vizuri, kana kwamba wanamwona. Akabonyeza.

"Habali zenu nyote. Mimi naitwa Apolonia, fundi baisikeli wa Tinde, mkoa wa Shinyanga. Sisi Mafundi Sita tumefungua kufuli kwa sababu ya helufi moja." Akatulia, akaniangalia mimi, akatabasamu, kisha akaisogeza simu karibu zaidi. "Kama kuna yeyote hajanielewa, aseme. Nitaludia."