Nilimwonea wivu mzee wa miaka sitini kwa sababu ya mgongo wake

Wakuu, heshima kwenu. Mlionitangulia, shikamooni.

Hili nimelifunika miaka mingi. Leo nalitoa kama lilivyo, mkinicheka sawa tu.

Zama za ruksa, biashara zilipoachiwa huru, nilifungua duka Kizwite, hapa hapa Sumbawanga. Sabuni, mafuta ya taa, mitumba kidogo. Kutwa nzima niko kwenye kiti, najiona bosi. Nilikuwa na miaka arobaini na nane, na kila nikiinuka nashika kiuno.

Jirani yangu Mzee Gaudensi alikuwa na sitini. Asubuhi anakwenda shamba Milanzi kwa miguu, jembe begani, mgongo umenyooka. Mnaojua matuta yetu ya Kifipa, yale ya mviringo ya kufukia nyasi, mnajua ile kazi si mchezo.

Mke wangu, mama Neema, akawa hana habari nyingine.

"Mzee Gaude kamaliza kulima." "Mzee Gaude haugui."

Ananikanda kiuno kwa maji moto huku anamsifia mwanaume mwingine! Wivu ulinichoma kuliko hata huo mgongo.

Nikaenda zahanati. Mganga akanikagua, akasema mifupa mizima, kinachoniumiza ni kukaa. Nitembee kila siku, nisikae muda mrefu bila kuinuka, nikiokota kitu nikunje magoti.

Nikaona dawa ni kwenda shamba kwa miguu kama Mzee Gaude. Sasa nikienda, duka namwachia nani? Nikamweleza Mzee Gaudensi shida ya duka tu, ya mganga nikayaacha.

"Mdogo wangu," akasema, "hicho kiti chako nakitamani siku nyingi. Nimelima tangu mtoto. Niachie asubuhi nikae, wewe nenda."

Kumbe na yeye alikuwa ananionea wivu!

Tukapatana: asubuhi yeye dukani kwangu, mimi shambani kwake. Wiki za mwanzo nilitembea tu mpaka Milanzi na kurudi. Baadaye nikashika palizi, mwisho matuta. Mgongo ukaacha kuuma, mama Neema akaanza kuniita kijana.

Hapa ndipo penye aibu yangu.

Baada ya miezi kadhaa nikamwona mzee anainuka kwenye kile kiti, mkono kiunoni. Nilijua kabisa kinachomtokea. Nikakaa kimya. Wakuu, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Nilinyamaza karibu mwezi mzima, kwa sababu sifa za nyumbani sasa zilikuwa zangu.

Siku moja mteja akadondosha sabuni. Mzee akainama kuiokota, akakwama katikati, jasho linamtoka.

"Ndiyo uzee umeingia, mdogo wangu. Nitafanyaje."

Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia si uzee, ni kiti. Nikampa maneno yote ya mganga, na nikakiri nilimwona tangu mwezi uliopita.

Hakunigombeza. Kesho yake akachukua jembe lake, akarudi shamba taratibu. Mgongo wake ulipona.

Ila dukani kwangu hakukanyaga tena. Hata chumvi alikuwa anaifuata sokoni, anapita mlangoni kwangu akiangalia mbele.

Nilichojifunza: ukifika arobaini usikizoee kiti, inuka, tembea, shika jembe hata kidogo. Na ukishajua dawa, mwambie jirani siku hiyo hiyo.

Wenye migongo, na wenye wivu kama wangu, uwanja wenu huu. Nisemeni tu, nimeshazoea kujisema mwenyewe.