Msimu Mzuri wa Kwenda Baharini

Januari, wiki chache baada ya waasi kuondolewa mjini, nilipanga foleni nyuma ya mzee mmoja kwenye dirisha la tiketi za meli, au bato kama tunavyoziita hapa Kisangani. Alibeba mkoba mmoja mgongoni, na mwingine mdogo wa kitambaa cha maua kifuani.

"Naenda mpaka ku bahari," alisema.

Karani akatikisa kichwa kwa upole. "Papa, huku kwetu janvier iko mukavu, lakini kule mvua inanyesha. Ungoje juin."

"Mwaka jana ulituambia vile vile, mimi na bibi yangu. Tukarudisha mikoba nyumbani, tukangoja. Juin ikafika, bato haikukuja."

"Alors, mama iko wapi?"

Mzee aliweka kiganja juu ya mkoba wa maua. "Vita ilimukuta anangoja."

Karani alihangaika kutafuta kalamu iliyokuwa sikioni mwake. Kisha akaandika tiketi moja. "Mvua itakupiga, papa."

"Inipige."

Hata hivyo, ushauri wa karani ulikuwa sahihi kabisa. Nimeuliza waliotoka pwani: Juni ile waliyoingoja, mvua haikunyesha kule hata tone.