Taa ya Mbele ya Pikipiki ya Baba

Picha ilikuwa juu ya televisheni ya kaka yangu, nyumbani kwake Pickering, nje ya Toronto, ndani ya fremu ya dhahabu ya uongo. Baba amekaa kwenye pikipiki mbele ya zahanati ya shamba la mkonge alikokuwa dresa, mfunga vidonda, na juu ya tangi la mafuta ameshika kichanga kilichofungwa kitambaa cheupe. Ni siku ya arobaini ya mtoto. Baba alimzungusha nyumba kwa nyumba ili watu wamwone. Mtoto huyo, alisema kaka, ni yeye. Alimwambia hivyo kila mgeni, na wanawe waliijua hadithi nzima kwa Kiingereza.

Mimi niliambiwa kwangu hakukuwa na arobaini. Baba alifariki nikiwa na miezi mitano, na Shangazi, dada yake, hakuficha alichofikiri: nimekuja na kisirani, nimemla baba yangu, na hata Baba mwenyewe aliliona hilo ndiyo maana hakuwahi kunishika. Nilikua na maneno hayo. Nilikuja nayo mpaka Toronto, mpaka kwenye ghala la Downsview nilikokuwa nafunga maboksi, na nikiwa na miaka thelathini na nne yalikuwa bado yananichoma.

Mwaka tisini na nne kaka alinipa picha nimtolee nakala, kwa kuwa duka la picha lilikuwa karibu na kwangu, mtaa wa Jane na Finch. Nikatoa mbili. Moja niliibandika ndani ya kabati langu la kazini, maana sikuwa na picha yoyote ya Baba. Hapo ndipo alipoiona fundi wa mashine zetu, mzee Mwingereza mwenye pikipiki kuukuu tatu katika gereji yake. Hakumtazama Baba wala mtoto. Aliuliza pikipiki ni ya mwaka gani.

Nikamwambia hamsini na sita. Kwetu kila mtu anajua hivyo: Baba alipewa pikipiki kazini mwaka aliozaliwa kaka. Mzee akacheka, akasema haiwezekani. Nilikasirika. Nilishachoka kuelezwa mambo ya nchi yangu na watu ambao hawajawahi kuikanyaga, na sasa huyu alitaka kunifundisha pikipiki ya baba yangu. Nilifunga kabati, nikarudi kwenye maboksi.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, alikuja na kitabu chenye matangazo ya zamani ya kiwanda, pamoja na lenzi ya kukuzia. Nikaangalia shingo upande. Pikipiki hizi ndogo, alisema, huwezi kuzijua mwaka kwa tangi wala kwa rangi, maana kiwanda kilikuwa kinarudia vilevile. Tazama taa ya mbele. Ya hamsini na sita imekaa peke yake, imeshikwa na vyuma viwili pembeni. Ya kwenye picha ilikuwa imemezwa na kava la bati lililoshuka mpaka kwenye shokapu. Kava hilo lilianza na pikipiki za hamsini na tisa. Nilimnyang'anya lenzi. Niliangalia taa ya Baba mara nne, na mara zote kava lilikuwepo.

Basi pikipiki zilikuwa mbili. Ya kwanza ilichakaa, kazini wakampa nyingine ya aina ileile, na sisi zote tukaziita pikipiki ya Baba, kama vile ni moja. Hakuna aliyejisumbua kuhesabu. Hiyo ya pili ilipotoka kiwandani kaka alikuwa na miaka mitatu. Mimi nilizaliwa mwaka uliofuata. Na tumezaliwa wawili tu.

Jumamosi nilipanda basi kwenda Pickering. Wifi alinikaribisha chai, nikakataa. Nilisimama mbele ya televisheni nikamweleza kaka habari ya taa.

"Huyo mzungu wako alikuwepo?" akauliza.

"Hakuwepo. Wewe ulikuwepo, Kaka, na ulikuwa na meno kinywani."

Alizima televisheni. Wifi akawaambia watoto waende juu. Kisha kaka akaniambia, bila kunitazama, kwamba anakumbuka. Alilia siku ile akitaka naye apandishwe. Na Mama alipompa picha, wakati anaondoka kuja huku, alimwambia amtunzie mdogo wake, kwa sababu sisi tulikuwa tunakaa kwa Shangazi na Mama alimwogopa. Miaka kumi na mitano ilikuwa imepita, na Mama alikuwa ameshazikwa.

"Kwa nini hukunipa?"

"Watoto walishazoea kwamba ni mimi. Na wewe hukuwahi kuuliza."

Eti sikuuliza. Mtu aliyeambiwa baba yake alikataa kumshika ataulizaje nani ameshikwa kwenye picha? Nilimwambia hivyo, na mengine ambayo wifi hajanisamehe mpaka leo. Nikaishusha picha na fremu yake. Nilikuwa mlangoni kaka aliposema jambo la mwisho, nadhani alitaka kunituliza.

"Mlipomaliza kuzunguka, Shangazi ndiye aliyekupokea. Alikuwa anacheka."

Shangazi alikuwa hai, Tanga. Nilinunua kadi ya simu dukani hapohapo Pickering, nikaingia kwenye kibanda cha simu nikiwa nimekumbatia fremu. Alipokea mwenyewe, akaanza kuniuliza hali ya baridi. Nilimkatisha, nikamwuliza siku ya arobaini yangu nani alinipokea kutoka mikononi mwa Baba.

Akanyamaza. Nilimsikia akipumua. Sikukata simu wala sikusema neno, nilimwacha anyamaze mpaka kadi ikaisha.